Shukrani kwa wakili aliyekataa hata nauli

Mdogo wangu alikamatwa Ijumaa jioni. Kituoni tukaambiwa tulete pesa za kumtoa, bila risiti. Mama akaanza kupigia majirani simu akiomba mkopo.

Dada mmoja aliyekuja pale kwa shughuli zake alitusikia. Baadaye tukajua ni wakili. Aliomba nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, akauliza kosa ni lipi, kisha akamsomea afisa wa zamu Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010: aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, ila kukiwa na sababu nzito za kumzuia. Hakupaza sauti hata kidogo. Walipokataa, Jumatatu alifika mahakamani, akamweleza hakimu kipato chetu halisi, na dhamana ikawa kiasi tulichoweza. Akatusindikiza hadi kwa keshia, akisisitiza tutunze risiti, maana pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha iwapo mshtakiwa amehudhuria.

Dada, Mungu akuzidishie. Nanyi wenzangu, mkimkuta mtu amechanganyikiwa kwenye kaunta ya polisi, msimpite. Muulizeni kama ameelezwa kosa na kupewa nambari ya OB.