Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watengenezaji Filamu, Mtwara

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma Mhazini. Mimi naomba kuitumia nafasi hii kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu, yaani mjadala wetu kuhusu filamu ya Kiafrika ni ipi na inaelekea wapi.

Wapo waliosema kuwa inatosha mwigizaji awe Mwafrika na mandhari yawe ya kwetu. Historia ya nchi hii inaikataa hoja hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, chini ya utawala wa Waingereza, filamu za mafunzo zilitengenezwa Vugiri, Tanga, Waafrika wakiigiza na Waafrika wenzao wakionyeshwa, ila walioamua kisemwe nini walikuwa wengine. Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye tayari alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, aligeukia kamera ili awafikie wananchi wasiosoma lugha hiyo, na mwaka 1968 akatoa filamu iliyozungumza Kiwolofu. Kwa maoni yangu kipimo kiko hapo: nani anachagua la kusimulia, na akishalisimulia anawajibika kwa nani.

Tamasha la filamu la Ouagadougou, Burkina Faso, lililoanza mwaka 1969, limeipa heshima kubwa kazi ya Waafrika. Hata hivyo, filamu nyingi zinazotuzwa huko hazifiki Masasi wala Nachingwea. Vibanda umiza vyetu, yaani vibanda vya mitaani vya kuonyeshea video, hujaa watazamaji wa filamu za kigeni zilizotiwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili, nami siwezi kumbeza mfasiri huyo, kwa kuwa anawajua watazamaji wake kuliko baadhi yetu tuliomo humu ukumbini.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kwamba filamu zetu fupi za mwaka ujao, ikiwamo ile ya wachezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, inayozungumza Kimakonde na kuwekewa maandishi ya Kiswahili, zionyeshwe kwanza Newala na Tandahimba wakati wa mauzo ya korosho, watu wakiwa na fedha za kiingilio, kabla ya kupelekwa kwenye tamasha lolote. Mswada wa filamu kuhusu mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanzishwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, usomwe mbele ya wazee wa huko kabla kamera haijawashwa, hata kama utachelewa. Maombi ya vibali kwa Bodi ya Filamu yaandaliwe mapema.

Naomba mkutano uyajadili mapendekezo haya na kuyapigia kura.