Foleni yenu na polima yangu

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Rehema ndugu yangu,

Habari za siku nyingi? Mama ameniambia wamekuhamishia dirisha la dawa. Hongera, na pole kwa miguu. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye daladala nikacheka peke yangu mpaka konda akanitazama: "Miaka miwili unasoma polima, hata ndoo moja ya plastiki hujatengeneza!" Basi leo nimekaa kitako nikujibu kwa barua, maana kwa simu utanikatiza.

Polima yangu haina kemia, ni uzi tu wa kuchora. Chukua karatasi ya grafu kama zile za kidato cha tano, kila mraba uandike namba ya kubahatisha. Uzi unatoka kona ya chini kushoto kwenda kona ya juu kulia, na unaruhusiwa kupanda au kwenda kulia tu, kurudi nyuma marufuku. Kila njia ina jumla ya namba ilizopita. Tunatafuta njia yenye jumla kubwa kuliko zote, halafu tunauliza: nikifuta namba zote nikaandika nyingine, jumla hiyo itayumba kiasi gani?

Jambo hili unalijua kuliko mimi. Mgonjwa anaanzia mapokezi, anaingia kwa daktari, anapelekwa maabara, anaishia kwako. Mgonjwa wa 7 hashughulikiwi maabara mpaka yeye mwenyewe awe ametoka kwa daktari, na mgonjwa wa 6 awe ameondoka hapo maabara. Kati ya hayo mawili unachukua linalochelewa zaidi, unaongeza muda wa huduma yake, unasonga mbele. Sasa panga wagonjwa kwenda juu, madirisha kwenda kulia, na muda wa kila huduma uuandike ndani ya mraba wake. Saa atakayotoka mgonjwa wa mwisho kwenye dirisha la mwisho ndiyo ile jumla kubwa kabisa ya uzi wangu. Sikupigii mfano, hesabu ni ileile.

Tuseme wagonjwa 1000 na madirisha 1000 (hospitali ya majini, najua), kila huduma wastani wa dakika 1. Muda wenyewe uwe wa ile aina isiyo na kumbukumbu: hata kama mtu ameshasimama dirishani dakika 5, muda uliobaki ni kama wa aliyefika sasa hivi. Ukifumba macho ukachagua njia moja, inapita miraba 1999, jumla yake ni karibu 2000, na inayumba kwa kama 45 juu au chini. Hiyo ni sheria ya kipeuo cha pili tuliyofundishwa. Lakini njia iliyo kubwa kuliko zote inafika karibu 3955, na inayumba kwa kama 23 tu! Jumla imekuwa kubwa karibu mara mbili, na imetulia karibu mara mbili. Tena ukipanua uwanja kila upande mara 8, njia ya kufumba macho inayumba mara 2.8 zaidi, hii nyingine mara 2 tu, yaani kipeuo cha tatu cha 8. Siku nilipoelewa hivyo sikulala vizuri.

Mwanahisabati Johansson alilithibitisha hilo mwaka 2000. Na umbo la kuyumba kwenyewe halikuwa ule mchoro wa kengele tunaouzoea kwenye takwimu. Lilikuwa umbo ambalo wanahisabati Tracy na Widom walilikuta mwaka 1994 wakishughulika na matriksi kubwa za kubahatisha (majedwali ya namba), huko ambako hakuna uzi wala foleni. Umbo hilo limepinda upande mmoja, na sababu yake utaiona hapo hapo ulipokaa. Ili siku iharibike, inatosha mlolongo mmoja wa huduma zilizochelewa kuanzia asubuhi. Ili siku iishe mapema mno, inabidi milolongo yote iwe myepesi, kila mahali. Kwa hiyo mkia wa kuchelewa ni mrefu, mkia wa kuwahi unakatika ghafla. Usimwoneshe bosi wako.

Kinachonipa riziki mimi ni kitu alichokionesha Burke mwaka 1956. Wagonjwa wakiingia kwa kubahatisha, taratibu kidogo kuliko kasi ya huduma, na foleni ikishazoea, basi wanatoka kwa kubahatisha vilevile kama walivyoingia. Wewe dirisha la mwisho ukitazama wanavyokufikia, huwezi kubaini kama wametoka barabarani moja kwa moja au wamepitia madirisha matatu. Ndiyo maana hesabu inatembea kutoka mraba hadi mraba bila kuchafuka.

Uzi ukipata joto mambo yanabadilika: njia zote zinahesabiwa, siyo iliyo bora peke yake. Namba za njia moja unazizidisha, kisha unajumlisha njia zote. Mwaka 2012 mwanahisabati Seppäläinen alichapisha kwamba ukiweka namba za gama (aina moja ya namba chanya za kubahatisha), ukizigeuza juu chini, yaani moja gawanya kwa namba, sifa ile ya Burke inarudi nzima. Msingi wake ni kauli ya mwanahisabati Lukacs ya mwaka 1955: ukiwa na namba mbili chanya zisizotegemeana, ni gama tu ambamo kuijua jumla hakukupi hata fununu ya uwiano wao.

Hapo ndipo ninapokereka. Aina za namba zinazokubali urahisi huu ni chache mno. Weka kete ya kawaida ya ludo kwenye miraba, kompyuta inatoa kipeuo cha tatu kilekile, lakini uthibitisho hakuna mwenye nao. Tumejenga nyumba nzuri kwenye viwanja vichache tulivyobahatika, na mji wote tunauona kwa mbali.

Nina ombi. Wiki moja tu, niandikie muda ambao kila mtu anakaa dirishani kwako, majina usiweke. Nadhani namba hizo hazitakuwa za ile aina isiyo na kumbukumbu, maana kuhesabu vidonge kuna mwisho wake, lakini nataka nizione. Daftari mpe mdogo wako akija mjini, na karanga za mama pia, kama hamjazimaliza.

Wako,
Neema