Dakika mbili za mwanzo mwachieni mgonjwa aongee

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na madaktari wetu wa OPD (wanaoona wagonjwa wa nje) na kliniki.

Mama yangu ana sukari na presha, kila mwezi nampeleka kliniki hospitali moja hapa Dar, na safari ya mwezi wa nne ndo imenifanya niandike. Tulitoka nyumbani saa 11 alfajiri, saa 12 tumeshakaa kwenye benchi, namba yetu 41, kupimwa presha na sukari saa 2, kuingia kwa daktari saa 6 kasoro. Ndani tulikaa dakika nne, nilikuwa naangalia simu maana kazini nilishaomba ruhusa ya nusu siku tu. Daktari mwenyewe kijana mpole, macho yako kwenye kompyuta anajaza. "Unaendeleaje mama?" Mama akaanza, namshukuru Mungu mwanangu, ila usingizi... hajamaliza akaulizwa dawa unameza vizuri, akasema ndio, akaambiwa sukari imepanda kidogo punguza ugali na wali, alafu "hakuna kingine eeh?" Mama akasema hakuna baba.

Tumeshafika mlangoni, kashika kitasa, ndo anageuka. "Alafu baba na huu mguu, usiku unawaka moto, mchana kandambili inatoka mguuni natembea tu wala sijui kama imetoka." Namba 42 ilikuwa imeshaitwa, mzee wa watu kashaingia na faili lake. Tukaambiwa mtalisema safari ijayo. Safari ijayo tulienda na kidonda chini ya kidole gumba kimeshaanza kutoa usaha, na mama hakukisikia hata siku moja, mjukuu ndo alikiona akimsugua miguu.

Sasa jamani, wazee wetu hawaanzi na shida yenyewe, ndo walivyolelewa. Unasalimia, unashukuru, unatoa jambo dogo kwanza uone mwenzako anakupokeaje, alafu ndo unaleta lile lililokutoa nyumbani. Baba mwenye shida ya mkojo ataanza na mgongo, binti ataanza na kichwa. Lile la kwanza ni hodi tu, ukilidaka hilo na kuandika dawa umetibu hodi.

Najua wingi wa watu, hesabu naijua, wagonjwa 60 ndani ya masaa 6 ni dakika 6 kila mmoja na hapo daktari hajanywa hata maji. Lakini kumkata mtu sio kuokoa muda, sisi tulirudi mara tano kusafishwa kidonda, muda wote huo umetoka wapi? Kule Uswisi, kliniki ya hospitali ya chuo kikuu Basel, walipima hili jambo wakatoa matokeo 2002, madaktari waliambiwa wanyamaze mpaka mgonjwa amalize mwenyewe, wagonjwa 335, na wastani wa kuongea ulikuwa sekunde 92 tu, karibu wanane kati ya kumi walimaliza kabla ya dakika 2. Watu wanadhani mgonjwa akiachiwa ataongea mpaka jioni kumbe wapi.

Na hilo swali la "hakuna kingine eeh" naomba life kabisa. Mama yangu hawezi kumjibu daktari "kipo" wakati daktari mwenyewe ameshasema hakuna, ataona anambishia. Uliza "kuna lingine unataka tuliangalie leo?" na uliulize mwanzoni kabla hujashika kalamu, ili kama yapo matatu mchague pamoja lipi la leo na lipi lingoje. Marekani walijaribu kugeuza swali kwa neno moja tu namna hiyo, utafiti ulitoka 2007, shida ambazo wagonjwa walikuwa wanarudi nazo nyumbani bila kuzisema zikapungua sana na muda wa kukaa ndani haukuongezeka.

Kingine ni kwa wakubwa wa hospitali. Kwenye lile benchi nusu ya watu presha yao imetulia, wamekuja kuandikiwa dawa zile zile za mwezi jana. Wenzetu wanaotumia ARV wakishatulia wanapewa dawa za miezi 3 mpaka 6, kwanini wa presha asubirie foleni kila mwezi? Hao wakipungua, dakika zao apewe mwenye mguu unaowaka. Na hili la kuambiwa wote njooni asubuhi nalo, namba 41 anaweza kabisa kuambiwa aje saa 4.

Kliniki yetu ijayo ni jumanne. Nimemwandikia mama kikaratasi yuko nacho kwenye pochi, mguu nimeuweka wa kwanza, na nimemwomba sana asianze na usingizi. Ameniambia atajaribu ila anaona kama atakuwa hana adabu.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam