Mafunzo ya wakunga yahamie chumba cha kujifungulia

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie mafunzo kazini ya wakunga na wauguzi wa wodi za wazazi. Fedha zinazotengwa kwa kazi hiyo si haba, lakini sehemu kubwa huishia kwenye kumbi za hoteli, kwa posho na nauli.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Haya ni mafanikio makubwa na waliohangaika nayo wanastahili pongezi. Lakini vifo vya watoto wachanga, wale wasiofikisha mwezi, vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 na kufika 24 tu.

Sababu mojawapo ilionekana mapema Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Aprili 2010 watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Walipopimwa kwa mwanasesere wa mazoezi miezi saba baadaye, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Kwa watoto halisi, huduma haikubadilika. Februari 2011 hospitali ikaanzisha mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale chumba cha kujifungulia. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Karibuni zaidi, matokeo yaliyotangazwa 2025 kutoka hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza yalionyesha vifo vya wakati wa kuzaliwa na saa 24 za kwanza vikipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, na mazoezi ya mara kwa mara wodini yalikuwa nguzo ya mpango huo.

Wala hapa hakuna ajabu. Watoto wengi hulia wenyewe, na mkunga anaweza kumaliza wiki kadhaa bila kukutana na anayehitaji kupuliziwa hewa. Siku akimpata ana dakika moja, na mkono usiozoea huanza kutafuta.

Zoezi lenyewe halihitaji projekta. Baada ya makabidhiano ya zamu, mwanasesere analazwa kwenye meza ileile ya kuhudumia watoto. Mmoja anatangaza kwamba mtoto ametoka na hajalia. Mwingine anamkausha, anamsugua mgongo, anasafisha njia ya hewa ikiwa tu imeziba, na kabla ya sekunde 60 kwisha awe ameanza kumpulizia kwa ambu, yaani mfuko wa kubinya wenye barakoa ya kufunika mdomo na pua, pumzi 40 kwa dakika. Mwenzake anatazama kifua. Kifua kisipoinuka, asikimbilie kubinya kwa nguvu: aikalishe upya barakoa, arekebishe kichwa kisiinamie kifuani wala kisipinde mno kwa nyuma, asafishe ute, afungue mdomo wa mtoto kidogo, ndipo aongeze nguvu. Kosa linalojirudia ni kunyonya na kunyonya ute kwa mtoto asiye nao huku dakika ikiyoyoma. Kosa jingine ni barakoa isiyolingana na uso: namba 1 ni ya mtoto aliyetimiza miezi, namba 0 ni ya njiti.

Na ambu yenyewe ikaguliwe. Ikishaoshwa na kutakaswa, valvu ikirudishwa vibaya hewa haimfikii mtoto, ingawa mfuko unabonyea kama kawaida. Ziba barakoa kwa kiganja, binya, sikiliza hewa ikitokea kwenye valvu ya usalama. Ukaguzi huu ufanyike kila zamu inapoanza, na aliyekagua aweke sahihi.

Kwa upande wa mama, utafiti uliotolewa 2023 kutoka hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania ulifuata njia hiyohiyo. Damu ilipimwa kwa mfuko wenye alama za mililita uliowekwa chini ya mama, badala ya kukadiriwa kwa macho. Ikifika mililita 500, matibabu yote yalianza kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksami (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, na kukagua damu inatoka wapi. Kuvuja damu lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya damu vilipungua kwa asilimia 60, vikihesabiwa pamoja. Mfuko haukufanya kazi peke yake. Hospitali zilikuwa na vinara wao, mkunga na daktari, waliosimamia mazoezi na kuwarudishia wenzao matokeo yao wenyewe.

Kwetu kinara huyo ndiye muuguzi kiongozi wa wodi, na ndiye asiyefundishwa. Mara nyingi anateuliwa kwa ukongwe kazini, anakabidhiwa funguo na leja, basi. Hakuna anayemwonyesha jinsi ya kupanga zamu ili kila usiku awepo angalau mmoja aliyefanya zoezi wiki hiyo. Wala hafundishwi kuongoza mazungumzo baada ya mtoto kufa. Mazungumzo hayo yana maswali matatu: nini kilikwenda sawa, nini kilikwama, kesho tunabadilisha nini. Yakianza kwa "nani alikuwa zamu?", watu wataficha, na daftari litaandikwa ya uongo. Matokeo ya pengo hili yanafahamika kwa yeyote aliyetembelea vituo vyetu. Mwanasesere amefungiwa kabatini na mwenye funguo yuko likizo. Mazoezi ni ya asubuhi tu, ilhali akina mama wanajifungua usiku. Mkunga aliyetoka mafunzoni mwezi uliopita amehamishiwa wagonjwa wa nje.

Tunaziomba halmashauri zimfundishe kiongozi wa wodi kazi hizo kituoni kwake, kwa kufuatwa na mratibu wa afya ya uzazi na mtoto kila mwezi kwa miezi sita, badala ya kuitwa mjini siku tano. Zahanati na vituo vya afya vinapokea fedha kwenye akaunti zao tangu 2017/18, hivyo mwanasesere, barakoa za namba zote mbili na ambu ya akiba viingizwe kwenye mpango wa kituo. Baraza la Uuguzi na Ukunga litambue mazoezi ya wodini, yakiandikwa na kusainiwa, katika pointi za kuhuisha leseni. Na kwa semina zitakazobaki hotelini, anayepelekwa awe na zamu chumba cha kujifungulia, na asihamishwe kabla ya mwaka kwisha.

Wakufunzi wa ukunga,
Dodoma