Kapu wa mifereji ya Uingereza si kitoweo cha bure

Kwa Mhariri,

Katika toleo lenu moja la mwezi uliopita mlichapisha makala kuhusu maisha ya Waafrika Mashariki walioko Uingereza, na katikati yake mwandishi alieleza, kwa furaha ambayo sina shaka ilikuwa ya kweli, kwamba mifereji ya nchi hii imejaa samaki wakubwa aina ya kapu ambao wenyeji hawawali, na kwamba mtu mwenye ndoana, kipande cha mkate na ndoo anaweza kujipatia kitoweo cha Krismasi bila kutoa hata senti moja. Ninaishi kando ya mfereji wa Grand Union, karibu na Milton Keynes, mwaka wa kumi na nne sasa, na kila majira ya baridi huwa ninamvua samaki huyo huyo kwa mshipi. Naomba nafasi ya kueleza kwa nini maneno yale, msomaji akiyafuata kama yalivyoandikwa, yatamwingiza matatani.

Jina la samaki lisimchanganye mtu: sizungumzii kapu la sokoni, ingawa wapo kapu wanaojaza kapu. Ni yule samaki mnene mwenye magamba makubwa ya rangi ya shaba na sharubu nne mdomoni, ambaye wakazi wa Naivasha walianza kumwona ziwani mwao mara tu baada ya mwaka 2000 na ambaye, katika muda wa miaka michache, alikuwa ndiye sehemu kubwa ya mavuno ya wavuvi wa pale. Mimi ni mzaliwa wa Naivasha. Nilimla nikiwa kijana, nikalalamikia miba yake kama kila mtu, na nikaendelea kumla. Basi sisemi haya kama mtu anayeona kinyaa, wala kama mtu aliyesahau kwao.

Kosa la kwanza la makala lilikuwa neno "bure". Hapa England, na Wales pia, kila mtu mwenye umri wa miaka 13 au zaidi anayevua samaki wa maji yasiyo ya chumvi kwa fimbo na mshipi lazima awe na leseni ya serikali, na anayekamatwa bila leseni hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500. Vijana wa miaka 13 hadi 16 hupewa bila malipo, lakini hata wao lazima waiombe. Leseni nayo haikupi ruhusa ya kuvua popote utakapo. Mifereji mingi iko chini ya shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust, ambalo tangu mwaka 2012 linasimamia takriban maili 2,000 za njia za maji za England na Wales, na vipande vingi vya mifereji hiyo vimekodishwa kwa vyama vya wavuvi, kila chama na kadi zake, ada zake na walinzi wake. Kwa hiyo mtu huhitaji ruhusa mbili, ya serikali na ya mwenye maji.

Kosa la pili, na ndilo kubwa, lilikuwa ndoo. Kwenye mito, kapu anayezidi sentimita 20 lazima arudishwe majini, na urefu huo haufiki hata kwenye kiganja na mkono wa mtoto wa shule. Kwenye mifereji na mabwawa, kumchukua samaki bila idhini ya mwenye maji ni kosa ambalo sheria ya wizi ya mwaka 1968 imelitaja waziwazi. Wenyeji hawamwachi kapu kwa sababu hawajui utamu wake. Wanamwacha kwa sababu samaki mmoja huweza kuishi miongo kadhaa, akavuliwa na kurudishwa mara nyingi, na wako wanaomtambua kwa mpangilio wa magamba yake na kumpa jina kama tunavyompa ng'ombe. Mwaka 1952 mvuvi maarufu wa hapa, Richard Walker, alivua kapu wa ratili 44, yaani karibu kilo 20, katika bwawa la Redmire, na samaki huyo akapelekwa akiwa hai kwenye bustani ya wanyama ya London, akaishi huko miaka mingi na watu wakienda kumtazama. Mtu anayembeba kapu mkubwa kwenye ndoo, machoni pa jirani zake, amebeba ng'ombe wa kijiji.

Ninayajua haya kwa aibu yangu mwenyewe. Majira yangu ya baridi ya kwanza nilitoka nyumbani na ndoo ya rangi nyeupe iliyowahi kuwa na rangi ya ukuta, nikamvua kapu wa kilo mbili hivi chini ya daraja, nikamtia ndani na kuanza kupanga moyoni atakaangwa vipi. Mzee mmoja mlinzi wa chama alinikuta kabla sijafunga virago. Hakupaza sauti. Aliniomba leseni, sikuwa nayo. Aliniomba kadi ya chama, sikujua kuna kadi. Kisha akachungulia ndooni na kuniuliza kama ninajua samaki yule ana umri gani. Tulimrudisha pamoja, na mzee akanisubiri njiani hadi nilipoandika anwani ya mahali pa kununulia leseni nyuma ya risiti ya basi. Angeweza kunipeleka kwa wakubwa wake. Wapo wenzetu ambao hawakubahatika kumpata mzee wa namna ile, na hao ndio ninaowafikiria ninapoandika.

Mwandishi wenu aliutaja msimu wa baridi kana kwamba ni tarehe ya sherehe tu, nami naona hapo ndipo hakuielewa kazi yenyewe. Kapu hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji. Hana tumbo la kusagia kama letu, bali chakula husagwa kwa meno yaliyoko kooni na kwenda moja kwa moja kwenye utumbo, na maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi usagaji huo hupungua sana, naye hula kidogo, na siku nyingine hali kabisa. Hujikusanya na wenzake mahali palipotulia, chini ya mashua zilizofungwa, kwenye mzizi wa matete yaliyokauka au pale mfereji unapopanuka ili mashua zigeuke, na hukaa hapo akiishi kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea wakati wa joto. Mashua zinazopita ni chache wakati huo, kwa hiyo tope hutulia na maji, ambayo Agosti yalikuwa kama chai ya maziwa, huwa maangavu hata ukaona sarafu chini. Mvuvi anayemwaga chambo kwa mikono miwili kama alivyozoea kiangazi hurudi nyumbani bila ndoana yake kuguswa. Inatosha funza watano, au punje mbili za mahindi matamu ya kopo, na subira nyingi kuliko chambo.

Niruhusu, Mhariri, nieleze siku moja tu ya Januari iliyopita. Usiku ulikuwa wa sakitu, na nilipofika saa tano asubuhi nyasi zilikuwa bado zinavunjika chini ya buti. Kila baada ya muda pete za fimbo ziliziba kwa barafu, ikabidi niichovye ncha yake majini ili mshipi upite. Kopo la funza nililiweka ndani ya koti, jambo ambalo mke wangu hajawahi kulizoea. Saa nane kasoro, wakati jua lilipokuwa limeupiga ukuta wa upande wa pili kwa muda wa kutosha, kiboya hakikuzama kama kizamavyo kiangazi. Kiliinama kidogo, kama mtu anayesinzia kanisani, kikabaki hivyo. Nilipovuta nilidhani nimenasa gunia lililoloa. Alipanda taratibu, bila ule ukorofi wake wa kiangazi, na nilipomtia kwenye kimia niliona ruba wadogo wamemganda kwenye pezi la chini, ishara kwamba alikuwa amelala matopeni siku nyingi bila kusogea. Alikuwa na ratili 11, kilo tano hivi. Mwili wake ulikuwa baridi kuliko mkono wangu, na mkono wangu nilikuwa siusikii.

Samaki wa hali hiyo hastahimili mchezo. Mkono mkavu, au mkeka mkavu wenye sakitu, humbandua ute unaomkinga na maradhi, na hewa ya chini ya sufuri inaweza kuyadhuru matamvua na macho yake kwa muda mfupi tu. Ndiyo maana tunalowesha mkeka kabla ya kutupa mshipi, tunatumia ndoana isiyo na jino la kurudi nyuma, hatumpigi picha kumi, na sakitu ikiwa kali hatumtoi majini hata kidogo, bali tunamfungua ndani ya kimia. Yule wa Januari nilimshika wima majini kwa muda mpaka alipojisukuma mwenyewe, na maji maangavu yakaniwezesha kumwona akishuka polepole mahali pale pale alipotoka.

Najua lililo moyoni mwa msomaji, kwa sababu marehemu mama yangu aliniuliza kwa simu: unamvua ili umwachie? Kwetu mvuvi hurudi na kitu. Sina jibu la kumridhisha kila mtu, na siku nyingine, nikimwona samaki amechoka, mimi mwenyewe hujiuliza kama haki iko upande wangu. Ninachoweza kusema ni kwamba mfereji si ziwa. Kina chake mara nyingi ni mita moja na nusu au pungufu, umezungukwa na miji yenye watu mamilioni, na iwapo kila mmoja wetu angechukua wa kwake wa Krismasi, majira mawili yangeumaliza. Hata tusipowachukua sisi, wapo fisi maji, ambao walikuwa karibu kutoweka na sasa wamerudi karibu kila pembe ya England, huwawinda kapu hasa wakati huu wa baridi ambapo samaki hawana mbio, na wavuvi wengi wanawalalamikia. Mimi siwalaumu, fisi maji haombi kadi ya chama.

Jambo jingine ambalo mgeni anaweza kulielewa vibaya ni hili. Kati ya Novemba na Machi shirika la mifereji hufunga vipande kadhaa kwa matengenezo, hukausha maji kati ya milango miwili, na mpita njia anaweza kuona samaki wakigaragara kwenye vidimbwi. Samaki hao si karamu. Huhamishwa na wahusika kwenda kipande kingine chenye maji, na anayeingia na gunia ataonekana mwizi, hata kama nia yake ilikuwa kuwaokoa wasife bure.

Anayetaka kumla kapu hajanyimwa. Wacheki humfuga kwenye mabwawa makubwa ya Třeboň, na kabla ya Krismasi huuzwa mitaani kwao akiwa hai kwenye mapipa ya maji. Hapa Uingereza maduka ya watu wa Ulaya Mashariki humleta Desemba, amefugwa ili aliwe, na bei yake haitishi. Mtu anunue pale, atie ndimu na pilipili, na asitafutwe na mtu.

Nimalizie kwa onyo ambalo makala haikuligusa, na ambalo magazeti ya nyumbani huliandika kila Julai wakazi wa nyanda za juu wanapoingiza jiko la makaa chumbani. Wavuvi wa kapu wa hapa hulala kando ya maji kwenye mahema madogo, na wapo waliokutwa asubuhi wamekufa kwa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, kwa sababu waliwasha jiko la gesi au la makaa ndani ili wapate joto. Jiko likae nje ya hema, hata kama mvua inanyesha. Halafu fimbo za siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni zinazopitisha umeme, na njia nyingi za mifereji hupita chini ya nyaya; mtu atazame juu kabla ya kuisimamisha fimbo.

Naomba basi mchapishe masahihisho kabla ya wiki ya Krismasi, na ikiwezekana katika ukurasa ule ule wa makala. Mpwa wangu amewasili Luton mwezi huu, amesoma makala yenu kwenye simu, na jana alinipigia kuniuliza kama ndoo ya lita 20 itatosha.

Msomaji wenu,
Milton Keynes, Uingereza