Barua kwa Salma kuhusu tungamo katika ulimwengu bapa

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Uliniuliza kama fotoni, yaani chembe ya mwanga, inaweza kupata tungamo bila kuvunja ulinganifu wa geji (kanuni kwamba kubadili namna fulani ya kuuandika uga hakubadilishi fizikia yenyewe), nami nikakujibu kwa haraka kwamba haiwezi. Nimelirudia swali lako kwa makini, na ninalazimika kulisahihisha jibu lile.

Katika ulimwengu wetu wa pande tatu za nafasi pamoja na wakati, fotoni isiyo na tungamo ina njia mbili za kutetemeka, ilhali chembe yenye tungamo na spini 1 (spini ni kipimo cha mzunguko wa asili wa chembe) huhitaji tatu. Chembe za W na Z, zibebazo nguvu dhaifu ya nyuklia, huipata ile ya tatu kutoka katika uga wa Higgs, ule unaozipa tungamo. Ondoa upande mmoja wa nafasi, ubaki na urefu na upana tu, na hesabu hubadilika: fotoni isiyo na tungamo ina njia moja, na yenye tungamo yaweza pia kuwa na moja, kwa hiyo hakuna pengo la kuziba. Mwaka 1982 Stanley Deser, Roman Jackiw na Stephen Templeton walionyesha kwamba kipengele cha Chern-Simons, yaani sehemu ya ziada katika milinganyo ya fotoni, kikiongezwa, fotoni hupata tungamo na ulinganifu wa geji husalia mzima. Kinachopotea ni ulinganifu wa kioo, kwa kuwa spini ya fotoni hiyo huelekea upande mmoja tu. (Julian Schwinger alikwisha kupata fotoni yenye tungamo mwaka 1962 katika upande mmoja wa nafasi, lakini huko ni elektroni zisizo na tungamo zinazoifanya kazi hiyo.)

Mvutano ndio ulionishangaza zaidi. Katika ulimwengu huo bapa, milinganyo ya Einstein haina wimbi hata moja: penye utupu hakuna mpindo, na tungamo la nukta huifanya nafasi iwe kama karatasi iliyokatwa kabari na kuunganishwa kingo, bila kuvuta kitu kilichotulia kando yake. Kipengele cha aina ileile kikiongezwa, linazaliwa wimbi moja lenye tungamo na spini 2, mradi alama (chanya au hasi) ya sehemu ya Einstein katika milinganyo igeuzwe, la sivyo wimbi hilo hubeba nishati hasi.

Tafadhali ifanye hesabu ya alama hiyo kwa mkono wako kisha uniandikie.

Rafiki yako,
Zuhura