Fundi wa mabango akifa, karakana isife naye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee kazi yetu sisi tunaotengeneza mabango na kukata vioo, maana siku hizi mtu akisikia bango anafikiria flekisi tu, imechapwa asubuhi, jioni imetundikwa, likipiga jua la Dar msimu mmoja imepauka haisomeki, inashushwa inatupwa na aliyeitengeneza hata namba yake ya simu hakuna anayeikumbuka. Mimi kazi hii nilianzia kwenye brashi, chini ya mzee mmoja hapa Ilala, sasa hivi niko na mashine, na kinachoniuma ni kwamba karakana zetu nyingi zinakufa na mwenyewe. Mzee akifariki watoto wanagawana ngazi na drili, imeishia hapo.

Kuna kampuni moja Marekani nimeisoma sana habari zake na natamani mafundi wenzangu na watoto wao waijue. Inaitwa Young Electric Sign Company, kwa kifupi YESCO, ilianza Machi 1920 na familia iliyoianzisha ndiyo ilikuwa bado inaiendesha ilipotimiza miaka 100. Mwanzilishi ni Thomas Young, mzaliwa wa Sunderland, Uingereza, alihamia mji wa Ogden jimbo la Utah mwaka 1910 akiwa bado kijana mdogo, akajifunza kazi kwa watu, halafu akamwomba baba yake mkopo wa dola 300 akafungua karakana yake. Kazi zake za mwanzo zilikuwa vibao vya majina vya kubandika kwenye majeneza, na kuandika majina ya maduka kwa dhahabu kwenye vioo vya madirisha.

Hiyo ya dhahabu kwenye kioo naomba niieleze kidogo kwa sababu vijana wa plota, ile mashine ya kukata herufi za stika, hawajaiona. Fundi anasimama ndani ya duka, maandishi anayaandika kinyume ili wa nje wayasome sawa. Kioo kinasafishwa kisibaki na hata alama ya kidole, kinapakwa maji yenye jelatini, halafu ile dhahabu iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi inanyanyuliwa kwa brashi pana laini ambayo fundi kaipitisha kwanza shavuni mwake ili ipate mafuta kidogo ya ngozi, la sivyo haishiki. Inakaa kwenye kioo, ikikauka anachora herufi kwa rangi nyuma ya dhahabu, kilichobaki pembeni anakifuta kwa maji. Mtu aliyeanza maisha kwa kazi ya uangalifu kama hiyo mimi sishangai kwamba bango kwake halikuwa kitu cha kutupa.

Baadaye ikaja neoni, taa za mirija ya kioo iliyojazwa gesi. Mfaransa Georges Claude aliionyesha Paris mwaka 1910, miaka ya 1920 ikaingia Marekani, na Young hakukaa kuilaumu kwamba inamharibia soko la brashi, aliingia nayo. Na neoni ni kazi ya kioo haswa, mashine haijaweza kuipokonya kwa fundi mpaka leo: mrija unapashwa juu ya moto mpaka unalegea, fundi ana bomba la mpira mdomoni anapuliza taratibu ili mrija usisinyae pale unapokunjwa, ana sekunde chache tu za kuulaza juu ya mchoro kabla haujagoma, akichelewa umevunjika anaanza upya. Ukishapata umbo unatolewa hewa, unajazwa gesi, neoni yenyewe inatoa wekundu, arigoni na tone la zebaki inatoa bluu.

Mwaka 1931 jimbo la Nevada likaruhusu kamari, na mwaka huohuo ndo ujenzi wa bwawa la Hoover ukaanza jirani na Las Vegas ambao ulikuwa mji mdogo tu wa jangwani, wafanyakazi wakamiminika na hela zao. Young akaona mbali, mapema miaka hiyo ya 1930 akapeleka kazi kule, kwenye mtaa wa Fremont, na kampuni ikakua pamoja na mji. Mwaka 1951 wakasimamisha yule mchunga ng'ombe wa neoni wanayemwita Vegas Vic, kimo chake kama mita 12, mkono wake ulikuwa unapunga. Mwaka 1958 hoteli ya Stardust ikafunguliwa na bango lenye futi zaidi ya 7,000 za mirija na balbu 11,000. Wewe fikiria kulitunza bango kama hilo, balbu ngapi zinaungua kwa wiki.

Na hapo kwenye utunzaji ndipo ilipo siri yao, na ndiyo sababu hasa ya kuandika barua hii. Mabango mengi hawakuyauza, waliyakodisha. Mwenye kasino analipa kila mwezi, YESCO wanakuja kubadilisha balbu, kuziba mrija uliopasuka, kupaka rangi, na bango linabaki mali ya kampuni. Hata lile maarufu la kuwakaribisha wageni Las Vegas, lililobuniwa na mama mmoja Betty Willis mwaka 1959, watu wengi wanadhani ni la serikali kumbe ni mali ya YESCO, kaunti inalikodi. Kwa hiyo mzee alipostaafu, mtoto hakurithi ngazi, alirithi mikataba, hela inayoingia kila mwezi na wateja wanaomjua kwa jina. Mwanae Thomas Young Jr. akashika, wakafuata wajukuu. Mwaka 2015 kitengo chao cha skrini za elektroniki walikiuza kwa Samsung, kazi ya mabango na utunzaji wakabaki nayo, na mimi naona walijua nini cha kuachia na nini ni uti wa mgongo wao.

Halafu kwa sababu mabango yalikuwa yao, kasino ikibomolewa au ikibadilisha jina bango la zamani linarudi kwenye yadi ya kampuni. Yakarundikana pale miaka na miaka, yana kutu, mirija imevunjika, hawakuyauza kwa kilo. Makumbusho ya neoni ya Las Vegas yalipoanzishwa mwaka 1996 mzigo mkubwa ulitoka kwenye yadi hiyo, na leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuyaona. Michoro ya wabunifu wao nayo imehifadhiwa kwenye chuo kikuu cha hapohapo.

Sasa turudi kwetu. Mteja wa hapa anapatana bei mpaka unachoka, analipa mara moja, bango linakuwa lake, na kila mwaka analipia ushuru wa bango bila kukosa lakini hela ya kulitunza haipo kabisa kwenye hesabu zake. Taa ya LED ikiungua herufi moja linabaki hivo hivo na pengo lake mpaka duka linahama. Kuna fremu moja hapa mjini aliandika mwalimu wangu kwa mkono, herufi zina kivuli cha rangi tatu, hakutumia rula hata kidogo, ilipobomolewa nikaenda kuliulizia lile bati nikaambiwa limeshaenda kwenye chuma chakavu. Mzee mwenyewe yupo hai, hana hata picha moja ya kazi ile.

Naomba mambo mawili. Mafundi wenzangu, tuanze kuandikishana mikataba ya matengenezo hata kama ni elfu kumi kwa mwezi, mteja akikataa leo mwonyeshe bango la jirani yake lililozimika nusu, na watoto wetu tuwape hilo daftari la wateja walishike tukiwa bado hai na waende wenyewe kudai. La pili ni kwako Mhariri, gazeti lako limepiga picha za mitaa ya Kariakoo, Ilala na Magomeni miaka mingi na nyuma ya hao watu mliowapiga kuna mabango ya brashi yaliyokwisha kubomolewa. Zitafuteni kwenye makabati yenu mzichapishe mara mojamoja, na aliyeandika kama bado yupo atajwe. Mimi wawili watatu nawafahamu kwa mkono wao, nikiona herufi tu nitasema ni nani, na niko tayari kuja ofisini kwenu siku yoyote kuwasaidia kuzitambua.

Fundi mabango,
Ilala, Dar es Salaam